Barua Zenu: "Ana vizibo vyake, mimi hanihitaji"

Toleo lililopita nilijibu barua moja tu ya mama mwenye mtoto mwenye usonji (wengine mnaita otizimu), nikadhani nimemaliza, kumbe nimefungua koki. Meseji zimemiminika na wengi mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: huyu mtoto nacheza naye vipi humu ndani? Kwa wasionijua, mi sio daktari. Nimefundisha chekechea miaka mingi na nina kijana wangu wa miaka 15 mwenye usonji, kwa hiyo haya ni ya sakafuni sio ya kliniki. Nimechukua barua tano.

Shangazi shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na miezi miwili, mwaka jana hospitali walituambia ana usonji. Haongei, anatoa sauti tu, akitaka kitu ananivuta mkono ananipeleka. Nimemnunulia midoli Kariakoo, gari la rimoti, mpira, vitofali vya kujengea, hela imeenda kwelikweli na wala hagusi. Yeye ni vizibo vya soda. Anavipanga mstari kuanzia mlangoni mpaka chini ya kochi, kimoja kikisogea ni kilio. Nikikaa nicheze naye ananipa mgongo au anausukuma mkono wangu. Nimeambiwa nicheze naye kila siku ila hakuna aliyeniambia nacheza nini. Naumia, ana vizibo vyake, mimi hanihitaji. – Mama J., Tabata

Marahaba mwanangu. Kwanza rudia kuisoma barua yako mwenyewe. Umesema akitaka kitu anakuvuta mkono. Sasa mtoto asiyekuhitaji angekuvuta wa nini? Hayo ni mazungumzo tayari, ila yanapita kwenye mkono badala ya mdomo.

Nikuhadithie ya kwangu. Kijana wangu alipokuwa na umri huohuo yeye ilikuwa mifuniko ya sufuria. Anauzungusha kwenye sakafu ya sementi, analala chini, shavu kwenye sakafu, anauangalia mpaka udondoke, anaanza upya. Saa nzima. Mi kazi yangu ilikuwa kuuficha huo mfuniko na kumletea mdoli wa maana, nikitoka nje akaingia jikoni kuchukua mwingine. Miezi imeenda hivyo. Siku moja umeme umekatika, joto la Januari, nimechoka mpaka basi, nikajilaza pale pale kwenye sementi kwa sababu ndo palipokuwa na ubaridi, na shavu langu likawa chini kama la kwake. Ndo nikaona anachoona. Mwanga wa mlangoni unagonga ukingo wa mfuniko unakuwa kama maji yanazunguka, na sauti, mwenzangu, inaanza wuu, wuu, halafu ukitaka kulala inaenda tatatatatata haraka haraka mpaka tap, kimya. Sikio likiwa chini unaisikia mpaka kwenye meno. Nilikaa na huyo mtoto miaka minne na sikujua kama kuna kitu kizuri vile kinatokea jikoni kwangu.

Nikavuta mfuniko mwingine nikauzungusha wangu. Hakuniangalia mimi, aliuangalia mfuniko. Wangu ukadondoka mapema maana sijui kuzungusha. Akanyoosha mkono, akaushika mkono wangu, akauweka juu ya mfuniko. Yaani: rudia. Hiyo ndo mara ya kwanza mwanangu alinialika kwenye mchezo, nilitoka nje nikalia kama nimefiwa.

Kwa hiyo vizibo usivichukie. Tafuta vya kwako, kumi hivi, hata duka la jirani watakupa bure. Kaa chini, mbele yake kidogo au pembeni ili akitaka kukuangalia asihangaike, lakini sio karibu mpaka ajisikie amebanwa. Mstari wake USIUGUSE. Panga wa kwako. Akigonga kizibo chini na wewe gonga, akitoa sauti na wewe toa hiyohiyo, akinyamaza nyamaza. Mtoto akiona mtu mzima anamuiga, mara nyingi anaanza kumchunguza, "hivi huyu vipi leo?", na hapo ndo pa kuanzia. Akikupa mgongo, sawa, endelea na vyako. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu unaweza usione kitu. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinatosha, usijifunge nusu saa ukaichukia.

Na maswali acha. Hii rangi gani, hivi viko vingapi, sema kizibo, semaaa. Mchezo ukishakuwa mtihani mtoto anatoka ukumbini, hata mimi ningetoka. Badala yake weka kaneno kamoja tu pale kinapotokea kitu: "tak!" kizibo kikitua, "oh-oh" kikianguka. Halafu nyamaza uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Hiyo kumi ni ndefu, utatamani kuongea, jing'ate ulimi. Wengi wao wanachelewa kujibu kidogo, sisi tunakuwa tumeshauliza swali la tatu wakati yeye ndo analeta jibu la kwanza.

Hii sio akili yangu peke yangu. Uingereza kuna mpango unaitwa PACT, mzazi anarekodiwa akicheza na mtoto wake halafu anakaa na mtaalamu wanaiangalia ile video pamoja. Wakautengeneza upya kwa familia za Goa huko India na Rawalpindi, Pakistan, waliofundisha wazazi hawakuwa mabingwa bali wahudumu wa afya wa kawaida waliopewa mafunzo, na matokeo yaliyotoka 2016 yalionyesha wazazi walijua zaidi kwenda na mwendo wa mtoto, na watoto wenyewe wakawa wanaanzisha mawasiliano na wazazi wao zaidi. Kwa hiyo egemeza simu yako kwenye kopo la sukari, rekodi dakika tano, usiku akilala uangalie peke yako. Mi nilipofanya hivyo nilikuta nimeuliza maswali zaidi ya ishirini na nimempa nafasi sifuri. Niliona aibu, ila nilijifunza kuliko semina zote.

Mambo mawili ya haraka. Kama bado anatia vitu mdomoni vizibo vya soda ni hatari, mpe mifuniko mikubwa ya madumu na ndoo. Na hilo la kujilaumu, hebu litue. Miaka ya 1950 na 1960 huko Marekani kuna wataalamu wakubwa walisema usonji unaletwa na mama mwenye moyo baridi kama friji, wakawaumiza wanawake wengi bure na baadaye ikaonekana ni uongo mtupu. Hukumsababishia kitu mwanao.

Asalaam aleikum. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Kisauni, natoka alfajiri narudi saa mbili usiku. Binti yangu ana miaka sita, ana otizimu. Mamake wanaelewana, mimi nikiingia ni kama mgeni. Watu waniambia nimkumbatie lakini nikimgusa tu hupiga mayowe, na huyohuyo hujirusha kwenye kochi akajibana katikati ya mito hata mtu akashangaa. Na maji! Akisikia mfereji umefunguliwa kazi imekwisha. Nina nusu saa tu kabla alale, nifanyeje? – Baba wa binti mmoja, Mombasa

Wa aleikum salaam baba. Umeniuliza swali na jibu umelitia humohumo. Anakimbia ukimgusa lakini anajibana kwenye mito, basi huyo kuguswa kidogokidogo kunamkera kama nzi ila kubanwa vizuri kunamtuliza. Watoto wengi wenye usonji wako hivyo. Mkono mwepesi kichwani, busu la shavu, vidole begani, hapana. Kitu kizito na cha wazi, ndiyo.

Chukua leso, sisi huku tunaita kanga, mama ashike ncha mbili na wewe mbili, binti alale katikati mumbembeze juu ya godoro. Sema "moja... mbili..." halafu mkishamrusha mara tatu nne, SIMAMA. Usiseme kitu, msubiri. Atafanya kitu, atatikisa mguu, atatoa sauti, pengine atakutupia jicho la nusu sekunde. Chochote atakachofanya kihesabu kuwa amesema "tena", hapohapo endelea. Kesho subiri kidogo zaidi. Mimi naupenda mchezo huu kwa sababu leso haichezi yenyewe, inabidi awahitaji watu. Siku mama amechoka, fanya mkate: yeye ndo nyama, mto chini mto juu, unabana kwa viganja kuanzia miguuni mpaka mabegani, kichwa kiko nje siku zote, akisukuma unaacha mara moja. Ukiacha pale anapokataa ndo atakuamini kukurudia.

Afu kuna jambo la kuingia nyumbani. Umetoka barabarani una harufu ya petroli, jasho, sauti ya injini bado iko masikioni mwako, unaingia kwa nguvu "mama yuko wapiii", kwake yeye hiyo ni dhoruba. Oga kwanza. Halafu fanya mambo yaleyale kwa mpangilio uleule kila usiku, unavua viatu, unaoga, unaitundika leso mlangoni aione, mnacheza. Ndani ya wiki chache atakuwa anaisubiri hiyo leso, na siku utakayochelewa utasikia mwenyewe.

Maji mchezee kwa beseni na vikombe, kumimina tu ni raha kubwa kwake, ukae umetia mikono humo. Lakini hapa naongea na wewe kwa ukali kidogo: kuzama majini ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo kwa watoto wenye usonji wanaotoroka nyumbani, na wewe uko mji wa bahari. Pipa lifunikwe, komeo la mlango liwe juu asilifikie, majirani na vijana wa steji wamjue kwa sura wajue na kwamba akiitwa haitiki. Akitoweka, mtafute kwenye maji kwanza kabla ya kwenda kwa shangazi zake. Na ukipata mtu wa kumfundisha kuogelea, mfundishe.

Shangazi, binti yangu ana miaka mitano, anahesabu kwa Kiingereza mpaka 50, anataja rangi na maumbo yote kwa lafudhi ya Marekani utadhani kazaliwa huko, ila hawezi kusema "mama nipe maji". Yote ni YouTube. Shule moja wametuambia tuache Kiswahili na Kimeru nyumbani tuongee Kiingereza tu asichanganyikiwe, na mi Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Simu nikimnyang'anya nyumba inawaka moto. – Mama wa Arusha

Hiyo lafudhi ya Marekani ningepewa shilingi kwa kila mzazi aliyeniambia hivyo ningeshajenga.

Tuanze na lugha maana hapo umeshauriwa vibaya. Utafiti uliolinganisha watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili na wanaolelewa kwa moja haujaona kwamba lugha mbili zinawarudisha nyuma. Ongea naye lugha unayotania nayo. Wewe ukiongea Kiingereza cha kuungaunga unakuwa kama unasoma tangazo, uso umekauka, hakuna mzaha ndani yake, na mtoto anayehitaji kuvutwa na sauti yako anabaki na nini? Akija na "blue" wewe furahi, "eeh blue, ya bluu!" na maisha yanaendelea. Usimkatalie neno lake kwa sababu limekuja na pasipoti.

Simu sasa. Usianze kwa kuinyang'anya. Kaa naye uangalie, wiki nzima ujue ile video anayorudia mara arobaini ina nini, wimbo gani, ni sekunde ipi anachekea. Halafu kilichomo kwenye simu kishushe sakafuni. Kama ni namba, chukua chaki andika 1 mpaka 10 kwenye sementi uwani, ruka wewe kwanza, "wan... tuu..." halafu simama hewani kwenye tatu, mguu mmoja juu, umsubiri. Mtoto wa namba haziwezi kumpita hizo, ataimaliza tu. Hapo ameshacheza na mtu na wewe umeshakuwa na kitu ambacho simu haina, simu haimsubiri.

Kuizima, mpe dalili zilezile kila siku: "bado mbili", "bado moja", halafu simu inalala, mnaifunika na kitambaa pamoja, mnaiweka juu ya kabati. Atalia siku za mwanzo. Usimrudishie kwa kelele wala usimchape, kaa karibu, maneno machache. Akiwa amevurugikiwa kabisa sio wakati wa kumfundisha wala kumbembeleza kwa hotuba, zima redio, punguza watu, subiri.

Maji: kikombe kiwe pale anapokiona lakini hakifikii. Akikuvuta, sema wewe kwa niaba yake "maji", mpe. Basi. Usimfanye asote na kiu mpaka aseme, hiyo ni jela sio mchezo. Ukitaka weka picha ya kikombe ukutani aiguse, na usiogope wanaosema picha zitamfanya asiongee kabisa, sio kweli, kuna wengine zinawasaidia kuanza.

Mwanangu, mjukuu wangu alikuwa anasema baba, mama, maji, alipofika mwaka na nusu maneno yakapotea. Huku wengine wanasema chanjo ya surua, wengine wanasema katupiwa jini. Mkwe wangu hataki nimpeleke kwa mtu. Nimsaidieje? – Bibi, Tanga

Shikamoo bibi. Chanjo siyo. Habari hiyo ilianza 1998 kwa daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliyeandika kuhusu watoto 12 tu, jarida lililochapisha likaifuta makala yake 2010 na mwaka huohuo akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Denmark wakaja kuangalia watoto zaidi ya laki sita na nusu, matokeo yakatoka 2019, hakuna uhusiano. Dalili zinaonekana umri uleule wa chanjo, ndo maana watu wanaunganisha.

La jini sitabishana na wewe, dua omba usiku na mchana. Ila mkwe wako amesema kweli, asichanjwe wembe, asifukizwe, asipigwe. Mtoto aliyepoteza maneno anatakiwa hospitali mapema, masikio yapimwe na daktari amuone, kuna watoto wenye usonji wanaopitia hivyohivyo lakini kuna na magonjwa mengine ya kuangalia.

Na wewe bibi una kitu ambacho sisi hatuna, una muda na una nyimbo. Chagua mmoja wa kubembelezea, mwimbie huohuo kila siku, mahali palepale, mkao uleule. Akishauzoea, uimbe mpaka mwisho halafu neno la mwisho kabisa liache. Mtazame, fungua mdomo kama unataka kusema, subiri. Kuna siku atakumalizia, hata kama ni kwa sauti tu isiyo neno.

Dada naomba usinitaje. Niko kidato cha pili Morogoro. Mdogo wangu ana miaka tisa ana usonji, anaongea ila anarudia matangazo ya redio na watangazaji wa mpira tu, siku nzima. Wageni wakijaa sebuleni ndo anazidisha, anasema "na sasa tunakwenda mapumziko" mara mia, marafiki zangu wanacheka. Amenichania daftari mbili. Nampenda ila sijui nicheze naye nini na mama anasema nimvumilie.

Mdogo wangu, cha kwanza daftari zako zifungie. Una haki ya kuwa na kitu chako kisichochanwa, mwambie mama nimesema mimi, na mwambie pia kuna siku unatakiwa utoke na marafiki bila kumbeba.

Kuhusu mchezo, una bahati, una mtangazaji ndani ya nyumba! Chukua soksi ikunje iwe mpira, mnyang'anye mama kijiko cha mbao kiwe maiki, yeye atangaze wewe ucheze. Akisema mpira unaenda kona, uende kona. Akisema goli, vua fulana ukimbie uwani ushangilie kama mwehu. Utaona atakavyoanza kukuangalia ili ajue utafanya nini, na siku moja mbadilishane, wewe tangaza makosa makusudi, sema kipa kafunga goli kwa kichwa, uone kama hatakurekebisha. Matangazo nayo yajifunze, ukiwa unaosha vyombo anza sentensi umwachie aimalizie.

Halafu hiyo "tunakwenda mapumziko". Umeandika mwenyewe kwamba anaisema wageni wakijaa. Hao wenzako wanacheka kwa sababu hawajaelewa, na wewe ulikuwa karibu kuelewa ukapitiliza. Wengi wao wanaokopa maneno ya redioni hawayarushi ovyo, wanachukua sentensi nzima waliyoisikia mahali wanaitumia kusema jambo lao. Mtoto amezidiwa na kelele, anaomba mapumziko, na kwa heshima kabisa, kuliko watu wazima wengi ninaowajua.

Kwa hiyo Jumapili wageni wakija na ukaisikia, mjibu "tutarejea baada ya muda mfupi", chukueni ile soksi mtoke naye nyuma ya nyumba.